Kutoka Tatu Kwenda Nne

Kaka yangu alichelewa harusi yake mwenyewe kwa saa mbili kwa sababu alikuwa amefungua giaboksi. Nilitumwa mimi kumwita. Nilimkuta chini ya lori, suti imetundikwa kwenye msumari, na alipoona viatu vyangu akajua ni nani. "Pindo, waambie wanisubiri," akasema. "Siwezi kuiacha wazi." Wifi yangu alikaa mbele ya ukumbi na shada lake mkononi, akiwatabasamia watu mpaka mashavu yakamuuma. Kaka akaja na kucha nyeusi, akaoa. Siku ile tulicheka hatuna mbavu. Sasa nikikumbuka sioni tulichokuwa tunacheka.

Ndivyo alivyokuwa. Alichokifungua kwa mikono yake alikifunga kwa mikono yake kabla hajakwenda popote, na ole wake atakayejaribu kumsaidia kufunga. Alisema gia hupangwa na mtu mmoja. Mkono wa pili ukiingia katikati, zinaanza kusengenyana. Watu walimwita Meno. Wengi walidhani ni kwa ajili ya yale mapengo yake mawili ya mbele, naye hakuwasahihisha. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa akifumba macho na kupitisha kidole juu ya gia, jino baada ya jino, halafu anakwambia lipi limelika na limelika kwa kosa la nani.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule na mapazia kwa cherehani cha miguu, mwaka wa ishirini na tatu sasa, na jina Mama Pindo nimepewa na wateja. Kaka alilifupisha, kama alivyofupisha kila kitu isipokuwa kazi zake.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda kulikuwa na gari. Lilikuwa gari dogo la zamani alilolipata bila injini, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Kwa miaka sita alilitia injini isiyo ya saizi yake, akaifunga tabo ya kuiongezea pumzi, akaweka klachi nzito ya kumchosha mtu goti, na giaboksi akaitengeneza mwenyewe kipande kwa kipande. Lengo lilikuwa moja. Nje kidogo ya mji kuna kiwanja cha ndege kisichotumika tena, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mchana kweupe, watu hupeleka magari yao pale kushindana mbio za mita mia nne, mawili mawili, mstari mmoja ulionyooka, hakuna kona. Kaka aliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa banda: sekunde 13. Hakutaka kombe wala kumshinda mtu. Alitaka namba ile.

Halafu sukari ikamchukua mguu wa kushoto, chini ya goti. Mtu yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya usukani anajua mguu ule kazi yake ni nini. Ni wa klachi.

Alipotoka hospitali nilimfupishia suruali zake zote mguu wa kushoto, nikazikunja pindo, na wakati napima aliniambia, "Fupisha vizuri, nisionekane nimeazima." Alinifanya nicheke na pini mdomoni. Mwaka haukuisha, kidonda kikatokea mguu wa kulia, kwenye kisigino. Daktari hakuzunguka. Alituita mimi na wifi, akasema mguu ukikatwa sasa ataishi; tukivuka wiki sita, yeye haahidi kitu.

Kaka alikataa. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni mwa banda, magongo ukutani, akasema hapandi tena kwenye meza ile kabla hajaliona gari lake likienda.

"Nani ataliendesha?" nikamuuliza. "Wewe?"

"Hao vijana wa kiwanjani siwapi. Wana miguu ya kiburi."

"Basi ufe nalo!"

"Pindo."

"Usiniite Pindo! Mkeo analala amekaa. Wewe unanong'ona na mabati." Nilikuwa nimepanda mori, na nikiwa hivyo mdomo wangu haungoji ruhusa. "Kama shida yako ni dereva, nitaliendesha mimi. Nikilifikisha mwisho wa mstari ule, kesho yake unakwenda kukatwa. Umesikia?"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa naendesha pikapu ya otomatiki tu, isiyo na klachi, ya kupelekea watu mapazia, na mara ya mwisho nilikuwa nimeipitisha juu ya bustani ya mtu. Lakini alipomaliza kukohoa aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu, akasema, "Miguu ya cherehani. Hiyo inajua kusikiliza." Akanipa mkono, tukakubaliana, na wifi akiwa shahidi.

Tulianza siku ileile. Gari lilikuwa juu ya jeki, injini imezimwa, mimi ndani nimefumba macho, yeye kwenye kigoda nje ya mlango uliofunguliwa. Kanyaga klachi, achia mafuta, gia, achia klachi, kanyaga mafuta. Ndiyo yote. Hata wewe unaweza kuikariri ukiwa unachemsha chai. Shida ni kwamba miguu yangu miaka ishirini na tatu imekaa juu ya pedeli moja, inashuka pamoja na kupanda pamoja. Kila nilipokanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, wa kulia nao ulishuka kwenye mafuta, kwa heshima na taadhima, kumsindikiza mwenzake.

"Gari hili si sare ya shule," kaka akasema.

Siku ya tatu alinifunga. Alichukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaukata mrefu, akaufunga kifundo hiki na kile, na katikati akaupitisha juu ya kapi alilolining'iniza kwenye usukani. Mguu mmoja ukishuka unauvuta mwingine juu. Nilikaa hivyo kila siku, saa mbili nzima asubuhi na nyingine mbili jioni, nikipanda na kushuka kwa zamu. Wateja waliokuja kuulizia sare walinikuta nimefungwa ndani ya gari lisilo na magurudumu, wakaondoka bila kuuliza. Siku ya kumi alikata mpira kwa kisu. Miguu ikaendelea yenyewe, mmoja juu, mmoja chini.

Mkono ulikuwa somo jingine. Mlinzi wa kiwanja alikuwa akitufungulia lango asubuhi, na kaka alikaa kiti cha pembeni, kiganja chake juu ya mkono wangu wa kushoto, mkono wangu juu ya rungu la gia. Kutoka moja kwenda mbili, vuta. Mbili kwenda tatu, sukuma kwa kiganja kilichofunguka, gari lenyewe litaipeleka gia mahali pake. Tatu kwenda nne, vidole viwili tu, moja kwa moja chini. "Usiikamate," alisema. "Ukiikunjia ngumi unaipotosha kando, unaangukia mbili. Na ukiangukia mbili kwa mwendo ule, hakuna gia duniani itakayokuvumilia." Aliniambia hivyo kila siku. Siwezi kusema sikuambiwa.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Nilianza kulipenda lile gari. Nilikwenda pale kama mtu anayekwenda kumrubuni mgonjwa anywe dawa, na wiki ya nne nikajikuta naamka kabla ya jogoo nikiifikiria klachi. Mshale wa mizunguko ya injini unapanda hadi elfu tano, unaachia klachi mpaka pale inaposhika, pua ya gari inanyanyuka, kiti kinakusukuma mgongoni, na kwa sekunde kumi na kitu huna kidonda cha mtu, huna sare, huna deni la maneno kwa mtu yeyote. Miaka yangu hamsini kasoro miwili sikuwahi kupewa kitu kama kile. Nilikuwa narudi nyumbani nanuka mpira ulioungua, na nilikawia kuoga.

Wifi alikuwa akiosha kidonda kila asubuhi na kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Siku moja alinishika mkono jikoni.

"Wifi, ni Jumapili hii kweli?"

"Ni Jumapili hii."

"Halafu Jumatatu hospitali."

"Halafu Jumatatu hospitali," nikamjibu, na nilimaanisha. Ilikuwa wiki ya tano. Tulikuwa na siku za kubakiza.

Jumapili ile kulikuwa na jua na upepo mdogo. Kaka aliwekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mwisho wa mstari, mguu wake juu ya mto, wifi amemshikia mwavuli. Mpinzani wangu alikuwa mwuza nyama, mtu mnene mwenye gari la buluu, aliyenitazama juu mpaka chini akauliza kama nimekuja kupima viti. Nikamwambia nimekuja kumpima yeye, ila sina tepu ndefu kiasi hicho. Watu wakacheka na moyo wangu ukatulia kidogo.

Taa ya kuanzia ikawaka. Sikumbuki gia ya kwanza. Naikumbuka ya pili kwa sababu matairi yalipiga kelele yakanyamaza, na ya tatu kwa sababu kiganja kilikuwa wazi kama nilivyofundishwa, na ya nne, vidole viwili tu, chini, bila sauti. Mstari ukapita chini yangu. Mwuza nyama alikuwa bado nyuma. Mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ndiye aliyekuwa akitunza saa, aliandika kwenye ubao wake: 13.3.

Niliporudi kaka alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia, hata walipomkata. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili kupitia dirishani.

"Inatosha, Pindo," akasema. "Inatosha. Kesho nipelekeni."

Wifi akafunika uso kwa viganja. Nilichotakiwa kufanya ni kuzima injini. Kufungua mlango, kuweka mguu mmoja chini, na wa pili. Mtoto angeweza. Badala yake nikautazama ule ubao, nikaiona ile tatu baada ya nukta, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Imebaki nukta tatu tu, kaka. Mara moja tu. Nikupe kumi na tatu yako kamili."

Nilisema yake. Namba ilikuwa yake, chaki ilikuwa yake. Lakini yeye alikuwa ameshatosheka, na mwenye njaa pale nilikuwa mimi. Alinitazama, akafuta macho, na uso wake ukawa wa mtu aliyeongezewa kitu ambacho hakuthubutu kukiomba. "Haya," akasema. "Mara moja."

Nilianza vizuri kuliko mara ya kwanza. Moja, mbili, tatu, kila moja mahali pake, na nikajua kabisa naipata. Nadhani kujua kule ndiko kulikoniponza. Nilitaka ile nne iingie upesi, na mwili ukitaka kitu kwa pupa unarudia ulichozoea. Miguu yangu ikashuka yote miwili, pamoja, kama iko kwenye cherehani. Klachi chini na mafuta chini. Injini ikapiga yowe. Nikaogopa, mkono ukakunja ngumi, nikaivuta gia kwa nguvu zangu zote, nikaachia klachi.

Ilikuwa mbili.

Gari liliyumba kushoto na kulia, na chini yangu kikapasuka kitu kwa mshindo niliousikia mpaka menoni. Liliposimama nilikuwa nimetazama nilikotoka, na oili ilikuwa imechora mstari mweusi barabarani hadi chini ya miguu yangu. Sikuwa na mchubuko hata mmoja. Niliwahi kumwomba Mungu radhi kwa mambo mengi, lakini kwa kutoka mzima siku ile bado sijajua niombe nini.

Walimleta kaka kwa kumbeba na kiti chake. Aliuliza kwanza, "Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi ni chuma tu." Akainama, akatazama chini ya gari, na nikaona kidole chake kinatembea hewani, kinahesabu meno yasiyokuwepo. Nikajua. Kabla hajasema neno lolote nilishajua.

"Lipelekeni bandani," akasema.

Wifi akasema, "Na kesho hospitali."

"Nikishalifunga."

"Lakini hujalifungua!" nikapiga kelele. "Kaka, hakuna kilichofunguliwa. Liache hivyo hivyo, hujaligusa, huna deni nalo!"

"Giaboksi imepasuka, Pindo. Oili yote iko nje." Alisema kwa upole, kama anamweleza mtoto. "Iko wazi tayari."

Nilijaribu kila kitu. Nilimwomba nikiwa nimepiga magoti kwenye mafuta machafu. Nilimtukana. Nilificha spana, akatengeneza nyingine. Nilimleta fundi mwenzake, mtu aliyefundishwa naye, aje amalizie. Kaka alimpa chai, akamuuliza habari za watoto, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa magongo. Wifi hakupiga kelele. Aliendelea kuosha kidonda kulekule bandani, yeye amepiga magoti, kaka kainama juu ya gia, na harufu yake ilikuwa imeshaizidi ile ya dizeli ya kuoshea gia. Wiki ya sita ikapita. Alama kwenye kalenda zikakoma, wifi aliacha kuziweka. Mguu ukawa mweusi hadi kwenye kifundo.

Alhamisi ya wiki ya nane alikaza bolti ya mwisho. Alipangusa mikono yake kidole kwa kidole, akaomba shati safi, akasema, "Haya, twendeni," kwa sauti ileile ya mtu aliyewachelewesha wageni harusini na anajua watamsamehe.

Daktari alifunua shuka, akalirudisha, akaniita nje. Akasema tumechelewa. Kaka aliishi siku tisa.

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, ningekuwa na kitu cha kubishana nacho. Siku ya saba, homa ilipompa nafasi, aliniambia, "Ile mara ya kwanza, uliposhusha nne, nilitega sikio. Sikukusikia kabisa. Hata mimi sikuwahi kuiingiza kimya vile." Alifurahi kuniambia. Mimi nilitoka nikaegemea ukuta wa korido mpaka muuguzi akaniuliza kama nami ni mgonjwa.

Gari liko bandani, limefungwa, zima kabisa. Hakuna anayeligusa. Chaki nyuma ya mlango bado inasomeka.

Mwezi mmoja baada ya maziko wifi alikuja dukani kwangu na suruali nne za kaka. Alitaka kumpa mjomba wake, ambaye ana kimo kilekile, lakini ilibidi mguu wa kushoto urefushwe, kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa ndani. Aliketi kwenye benchi la wateja. Nikafumua pindo nililolikunja mwenyewe, nikapiga pasi alama yake, nikaweka suruali chini ya sindano, nikaweka miguu juu ya pedeli.

Wa kushoto ukashuka, wa kulia ukapanda. Gurudumu likarudi nyuma na uzi ukakatika. Nikatunga uzi upya. Wa kushoto ukashuka, wa kulia ukapanda, uzi ukakatika. Nilijaribu mara nne, tano, wifi ananitazama, miguu yangu inafanya kile alichoifundisha kaka, kwa zamu, sawasawa, bila kosa hata moja.

Wifi hakuwa ameniuliza chochote tangu siku ile kiwanjani. Sasa aliuliza, bila hasira, macho yake kwenye miguu yangu.

"Wifi, alipokwambia inatosha. Kwa nini hukushuka tu?"

Niliteremsha miguu sakafuni, nikashika gurudumu, nikaushona ule mguu wa suruali kwa kuzungusha kwa mkono, mshono mmoja baada ya mwingine, naye akangoja mpaka nikamaliza zote nne.